Buti za Vendelín

Mwaka alioolewa Apolena, mvua ilikisusa kijiji chetu cha Chlumeček kama mgeni aliyekosewa adabu. Ngano ilivunwa, mabua yakalimwa, shamba refu la nyuma ya kanisa likapinduliwa likabaki tupu, na kila siku mawingu yakapita juu yake yakienda kunyeshea watu wengine. Uyoga haukuota. Bwawa la samaki lilipungua hadi mzee Kolafa akaiona baiskeli yake, ile aliyokuwa akiwalaumu Wanalhota, watu wa kijiji jirani, miaka yote kwamba waliiiba, imesimama wima kwenye tope mahali alipoiacha mwenyewe usiku mmoja akitoka kilabuni.

Haya yote Otýlie Pouzarová angeyavumilia, maana alikuwa mtu wa kuvumilia. Lakini harusi ya mjukuu wake ilikuwa Jumamosi, na kidani kilikuwa bado kitupu.

Kidani chenyewe kilikuwa cha fedha, chenye kucha nne kama mguu wa kuku, na kililala ndani ya kopo la vifungo kikingoja jiwe. Kwa akina Otýlie, bibi arusi huingia kanisani na vltavín shingoni. Tunaliita jiwe, ingawa ni kioo: kimondo kilianguka upande wa Wajerumani kabla hapajawa na mtu wa kukisimulia, ardhi ikayeyuka ikaruka juu, na matone yake yakaja kupoa huku kwetu, katikati ya viazi vyetu, yakiwa ya kijani kama chupa iliyokunjwakunjwa. Karibu kila nyumba ya Chlumeček ina moja dirishani, kwa hiyo kuwa nalo si shida. Shida ni masharti. Jiwe la bibi arusi halinunuliwi, haliombwi wala halirithiwi. Bibi yake ndiye huliokota, kwa kuinama mwenyewe, kutoka kwenye udongo uliolimwa mwaka huohuo, na aliyeliokota ndiye hulikabidhi mlangoni mwa kanisa siku ya harusi.

Otýlie aliwahi kuyapuuza masharti hayo mara moja tu. Binti yake Jitka alipoolewa, bibi zake walikuwa wamekwisha kufa, zamu ya kuokota ikamwangukia Otýlie, naye siku zile mgongo ulikuwa unamuuma. Wakanunua jiwe dukani mjini, kubwa, linang'aa hadi linaumiza macho. Ndoa haikudumu. Mume aliondoka na mwalimu wa kuogelea, na jiwe lilipopelekwa kuangaliwa likaonekana ni kipande cha chupa ya bia, tena bia ya mji mwingine. Kuhusu mwalimu wa kuogelea Otýlie alikuja kusamehe. Kuhusu ile bia hakusamehe.

Kwa hiyo Apolena alipopiga simu mwanzoni mwa wiki akamwambia, kwa upole kabisa, "Bibi, kama halijapatikana usijisumbue, Kryštof wangu atapita dukani," Otýlie alijibu "Haya, mwanangu," akarudisha simu mahali pake, halafu akakaa juu ya kikapu cha mayai.

Si kwamba hakuwa ametafuta. Kila asubuhi tangu shamba lilimwe alikuwa akienda nyuma ya kanisa na buti za mpira za marehemu mumewe, Vendelín, kwa sababu zake zilipasuka na hakuona haja ya kununua nyingine wakati hizi zilikuwa nzima. Zilikuwa kubwa, akazijazia soksi mbilimbili za sufu. Lakini vltavín lililofunikwa na vumbi halina tofauti na bonge la udongo. Linataka mvua iliyonyesha vizuri ilioshe, kisha jua lililo chini lilipige ubavuni, ndipo linapokukonyeza. Katika ukame ule Otýlie aliokota kijiko, kiatu cha farasi na viazi viwili, akarudi navyo nyumbani ili asionekane amerudi mikono mitupu.

Vendelín mwenyewe hakuwahi kuokota hata jiwe moja maishani mwake. Alizaliwa Chlumeček, akalala Chlumeček, na kwa zaidi ya miaka thelathini alitembea nyuma ya mkewe kila baada ya mvua, mikono mgongoni, akikanyaga kwa kishindo, na kila mara alirudi na matope tu. Kijijini walisema Vendelín akipita, mawe hufumba macho. Alicheka pamoja nao. Lakini alipokuwa mgonjwa siku zake za mwisho, alimwuliza Otýlie kama mvua imenyesha, na alipoambiwa imenyesha, akasema, "Nenda wewe. Mimi nitakupunguzia bahati." Otýlie hakwenda. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Jumatano, Růžena Štindlová alifika. Huyu ni jirani yake, waliketi dawati moja darasa la kwanza na tangu siku hiyo hawajamaliza kubishana. Alimkuta Otýlie anaosha kijiko cha shambani kwa sabuni.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Ninaosha kijiko."

"Otýlie, umeanza kuchanganyikiwa. Vaa koti, twende kwa Kolafa."

Mzee Kolafa alikuwa mkuu wa zimamoto ya kujitolea. Gari lao lilikuwa kongwe, limepakwa rangi nyekundu mara nyingi hata milango ilikuwa haifungi vizuri kwa unene wa rangi, naye alilipenda kuliko baadhi ya watoto wake. Růžena alimweleza kwa kifupi: shamba la nyuma ya kanisa linataka mvua, na mvua imo ndani ya gari lake.

Kolafa aliwasikiliza akipangusa taa. Kisha akauliza kama kuna moto. Wakasema hakuna. Akasema basi hawezi, gari halitoki bila moto, hiyo ndiyo kanuni.

"Basi uwashwe moto kidogo," akasema Růžena. "Hata nyumbani kwako, tukikosa pengine."

"Sikuombi ulimwagilie bustani, Kolafa," Otýlie akasema. "Nakuomba mara moja tu. Baada ya Jumamosi sitakuomba tena kitu."

Kolafa akamtazama. Inasemekana zamani, kabla ya Vendelín, alimchezesha Otýlie densi tatu mfululizo kwenye sikukuu ya kijiji, na hakuna anayejua kwa nini hakuendelea na ya nne. Akaitazama taa tena. Akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na gari kwamba zoezi la mwaka huu halijafanyika. Zoezi si moto, lakini kwa kanuni zoezi ni kama moto. Ila lazima pawe na jengo linaloungua, na lazima pawe na majeruhi.

Ndiyo maana Alhamisi alasiri kabati la nguo la Otýlie lilisimama peke yake katikati ya shamba lililolimwa. Hilo lilikuwa ndilo jengo. Wanaume wanne walilibeba, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kulitoa vitu, suti ya Vendelín na makoti ya baridi yalikuwa bado yananing'inia ndani. Kando yake, kwenye kiti cha jikoni, alikaa majeruhi, yaani Růžena, mguu umefungwa kitambaa cha kupangusia vyombo na sahani ya keki za mbegu za mpopi mapajani.

King'ora kililia. Gari lilitoka, likazunguka kanisa kwa kuwa njia fupi ilikuwa na mbuzi, likafika. Kolafa akashuka na kofia yake ya chuma, akaliendea kabati na, kama kanuni inavyotaka, akabisha hodi.

"Kuna mtu ndani?"

"Makoti tu," akajibu Růžena akitafuna.

"Majeruhi hasemi."

"Majeruhi ameumia mguu, hakuumia mdomo."

"Unaondoka au unabaki?" akauliza Kolafa.

"Nimeungua, Kolafa, nitaondokaje? Nibebe."

Alibebwa na kiti chake, akitoa maelekezo njia nzima. Wakati huo kijiji kizima kilikuwa kimekwisha jipanga ukingoni mwa shamba na miavuli mkononi. Hakuna aliyetangaziwa, lakini hapa kwetu maji yakikaribia kumwagika juu ya shamba lililolimwa, watu hutambua wenyewe. Walisimama kimya, hawakusalimiana. Hiyo ndiyo desturi: shambani baada ya mvua hakuna salamu, maana anayekusalimu anakuinua uso, na ukiinua uso jiwe linakwenda kwa mwingine. Mke na mume wanaweza kupishana kwa saa nzima kama hawajawahi kuonana. Hapo hata mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha, lakini walianza mapema.

Bomba lilitumbukizwa bwawani. Lina kichungio chake, kikapu cha waya cha kuzuia takataka, ila kikapu hicho mwenye kilabu, Maroušek, alikiazima majira ya kuchipua kwa ajili ya kuepulia maandazi ya kuchemsha, akakiona kinafaa mno hata hakukirudisha. Pampu ikanguruma. Maji yakapanda juu kuliko mnara wa kengele, yakapinda, yakashuka mazuri, mapana, mvua hasa. Na pamoja na maji wakashuka samaki.

Hawakuwa wakubwa. Walikuwa vitoto vya kambare na vidagaa vya bwawani, vyeupe, vinaanguka vikipiga miavuli kama mtu anayebisha dirisha kwa kucha. Paka wa kijiji walitoka kila upande. Watu hawakunyanyua uso. Bibi mmoja alitikisa mwavuli wake, samaki akateleza, akaendelea kutazama chini. Kolafa alisimama kando ya kabati, samaki mmoja amekaa juu ya ukingo wa kofia yake ya chuma, akasema tu, "Endeleeni."

Maji yalipoisha, jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa la kanisa, na shamba lote liling'aa. Otýlie alitangulia, kwa heshima ya jambo lenyewe, na wengine wakamwachia nafasi.

Hakuwa amekwenda mbali akaliona la kwanza. Liliwaka kwenye ukingo wa mtaro, kijani, nono, lina miguu miwili ya nyuma. Akaanza kuinama, kisha akasimama. Lilikuwa Chura. Chura ni jiwe la Kolafa. Limekaa kwenye meza ya kilabu kila Ijumaa tangu Otýlie alipokuwa msichana, amelishika, amelisifu, analijua tumbo lake na kovu lake la kushoto.

Akafikiri pengine limemdondoka mzee wakati wa kubisha hodi. Akalipita. Hatua chache mbele lilikuwapo Ulimi, lile refu jembamba la Maroušek. Na karibu na kabati, limepangwa kabisa, limesimamishwa juu ya bonge ili lisikose kuonekana, lilikuwapo Jani la Růžena, ambalo Růžena alikuwa amekataa kumwonyesha mtu yeyote kwa miaka kumi kwa kuogopa wivu.

Hapo Otýlie akaelewa. Kila mmoja wao, kwa siri yake, kabla ya maji au wakati wa maji, alikuwa amedondosha jiwe lake bora mahali atakapopita yeye. Hawakuwa wameambiana. Akatazama mbele akaona kijani hapa, kijani pale, shamba zima limetegwa kwa mapenzi, na hakuna hata moja analoweza kuliokota. Jiwe lililokwisha okotwa na mwingine ni jiwe la kupewa. Lakini kusema hivyo kwa sauti kungekuwa kuwaaibisha watu wema mbele ya wenzao. Basi akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya shambani: akatembea polepole, ameinama, akijifanya haoni. Alipita juu ya jiwe la padri akikohoa.

Waliomfuata nyuma hawakuwa na sababu ya kujifanya. Kila aliyelikuta jiwe aliliinamia haraka, akalitia mfukoni, akalitambua humo mfukoni kwa vidole, na akakaa kimya, maana angelirudishaje bila kuulizwa limefikaje pale? Jua lilipozama, kila mtu wa Chlumeček alikuwa na jiwe la jirani yake, isipokuwa Otýlie. Yeye alikuwa na matope hadi magotini.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Hakulia. Alifikiria Kryštof anavyopita dukani, kijana mzuri, kazi yake kufunga viyoyozi, atachagua kubwa lililo bora kuliko yote, litang'aa kama chupa. Akaanza kuvua buti. Zilikuwa nzito, udongo umejaa kwenye mifereji ya nyayo, akaichukua ile ya kulia, akaiweka mapajani kama alivyokuwa akifanya Vendelín akiwa hai kila waliporudi, na kwa kisu cha viazi akaanza kuchokoa.

Kisu kiligonga kitu.

Lilikuwa dogo kama dengu. Halikuwa na umbo la chura wala la jani, upande mmoja lina tundu kama limechomwa na sindano. Alilitia mdomoni akalilamba udongo, akalinyanyua kwenye mwanga uliobaki. Kijani. Hakuna mtu Chlumeček aliyewahi kumiliki jiwe baya namna ile. Lilikuwa halijawahi kuwa la mtu.

Ijumaa asubuhi walikutana kilabuni kwa Maroušek, na kwa kuwa Otýlie hakutaka kudanganya, aliwaambia lilipotoka. Jambo likawa zito. Růžena alishikilia kwamba Otýlie hakuokota kitu. Kilichookota ni kiatu, na kiatu ni cha mwanamume, na mwanamume mwenyewe amekufa, kwa hiyo jiwe halina mwenye kuliokota. Maroušek akauliza, miguu iliyokuwa ndani ya kiatu ni ya nani? Mtu mmoja akasema soksi zilikuwa mbili, kwa hiyo mguu haukugusa. Padri aliombwa maoni, akasema angependa kwanza amalize supu.

Wote walizungumza mkono mmoja mfukoni. Otýlie aliwaona. Alijua kila mfuko una nini ndani.

Hatimaye Kolafa akagonga meza.

"Ulipolitoa, uliinama?"

"Niliinama. Juu ya kiatu."

"Basi bibi ameinama, udongo ni wa mwaka huu. Jiwe ni halali," akasema Kolafa. "Lakini aliyeliokota ni buti. Na anayeliokota ndiye analikabidhi mlangoni mwa kanisa. Buti zije."

"Zije peke yake?" akauliza Růžena.

"Acha ujinga, mama wewe. Mtu azivae."

Otýlie akasema, zaidi kwa meza kuliko kwa watu, "Ameokota, basi. Vendelín ameokota." Maroušek akageuka akaanza kupangusa glasi iliyokuwa safi. Kolafa alizikunja kucha za kidani kwa koleo hapohapo mezani, na kwa vile jiwe lilikuwa dogo mno, alizikunja hadi zikawa kama ngumi iliyoshika kitu isiyotaka kukionyesha.

Jumamosi Otýlie alisimama mlangoni mwa kanisa na gauni lake la buluu lenye kola ya lesi, nywele zimesukwa, na buti za mpira za Vendelín zimeoshwa na kupakwa mafuta ya nguruwe hadi zinang'aa. Mama yake Kryštof, aliyetoka mji wa Brno na kofia, alizitazama akamwuliza mumewe kwa sauti ya chini kama ni vazi la kienyeji. Mumewe akasema bila shaka. Apolena alifika, akaviona viatu vya babu yake, akataka kuuliza, akaona uso wa bibi yake akaacha.

"Hili ni la babu yako," Otýlie akamwambia akimfunga kidani. "Ni dogo. Lakini kaliokota mwenyewe, usimruhusu mtu akuambie vinginevyo."

"Babu? Babu hajawahi—"

"Ameanza."

Ndoa ilifungwa. Padri alikuwa katikati ya baraka ndipo paa lilipoanza kusikika: kwanza kidogo, kama vile samaki juu ya miavuli, kisha kwa nguvu, kisha vigae vyote. Mvua. Mvua ya kweli, ya mbinguni, imechelewa na inajua imechelewa. Hakuna aliyeinua uso. Wanachlumeček wote, kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma, walikaa wima wakisikiliza, na macho yao yalikwenda polepole kwenye dirisha la nyuma, lile linaloangalia shamba. Mama yake Kryštof alidhani wanasali.

Waliondoka mmojammoja, kwa adabu, baada ya kuimba. Walisimama chini ya paa la mlango na viatu vyao vya harusi, vya ngozi, vya visigino, vyeupe, wakilitazama tope linavyolainika na jua linavyoanza kutoboa wingu upande wa Lhota. Hawakusalimiana. Na katika harusi nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyevaa viatu vya kazi hiyo.

Otýlie alikunja pindo la gauni. Alishuka ngazi akaingia shambani, mikono mgongoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikanyaga kwa kishindo, kama alivyokanyaga Vendelín.